NAMNA YA KUFUFUA MOTERI YA PIKIPIKI YA ZAMANI NYUMBANI

Wengi walituuliza juu ya ile pikipiki tuliyokuwa tukiifungua kila siku ya posho nyuma ya nyumba ya Mama Pasta, kule upande wa Nyawera. Wengine walisema tunachezea vyuma tu. Basi tunaandika ili mwenye kuwa na moteri ya zamani inayolala kwao chini ya veranda ajue aanzie wapi, na zaidi ajue mahali sisi tulipokosea, kwa sababu kosa letu lilikula pesa ya mjane.

Kwanza neno moja. Sisi watu wa Bukavu tunasema «moto», na moto ni pia ule wa kupikia. Mgeni wa Unguja akisikia «moto yangu haitake kuwaka» atatuletea kiberiti. Kwa hiyo hapa tutaandika pikipiki.

Pikipiki yenyewe ni Yamaha AG 100. Wakubwa wanaifahamu, maana ndiyo iliyobeba wapasta, manesi wa vaksini na wamonitere wa kilimo kwenda Walungu, Kaziba, Mwenga na kwingine ambako gari haifiki. Herufi AG zatoka katika neno la kilimo. Ina kibebeo mbele na nyuma, ina vyuma vya kulinda moteri wakati wa kuanguka, na mnyororo wake umefungiwa wote ndani ya sanduku la chuma, kwa hiyo matope hayaufikii. Ndugu zake ni DT 125 ya Yamaha na TS 125 ya Suzuki. Tunayoandika hapa yanafaa kwa hizo zote, kwa sababu zote ni za nyakati mbili. Lakini pikipiki za taksi ambazo leo zimejaa mjini, TVS na Bajaj za India na zile za Uchina, ni za nyakati nne. Hizo ni habari nyingine kabisa, usizifungue kwa kufuata karatasi hii.

Nyakati mbili maana yake nini? Katika moteri ya nyakati nne pistoni hupanda na kushuka mara mbili ili kuwaka mara moja, na iko na supapu za kufungua na kufunga. Katika hii yetu hakuna supapu juu. Silindri imetobolewa madirisha ubavuni, na pistoni yenyewe, ikipita, inayafungua na kuyafunga kama mtu anayesukuma pazia. Tena pistoni inafanya kazi pande mbili. Ikipanda, juu inakandamiza hewa na esanse, na chini inavuta nyingine kutoka kaburatere iingie katika karteri. Ikishuka, ile ya chini inasukumwa ipite kwenye njia za ubavuni iende juu, na moshi unafukuzwa kwa eshapoma. Mwingereza Joseph Day ndiye aliyeonyesha namna hii ya kutumia karteri kama pampu, mwaka 1891.

Hapo mutaona jambo ambalo watu wengi hawalielewi. Karteri inayozungukwa na vilebrekeni ni njia ya esanse. Haiwezi kuwekewa mafuta ya kulala ndani, yangevutwa na kuchomwa yote. Kwa hiyo rulema, pistoni na silindri vinapata mafuta yale tu yanayokuja pamoja na esanse, tone kwa tone. Esanse ikikatika, mafuta nayo yanakatika. Shikeni neno hili, tutalirudia.

Pikipiki za zamani zaidi zilitaka uchanganye mwenyewe mafuta ndani ya tanki. Mwaka 1964 Yamaha ilianza kuweka tanki ndogo ya mafuta pembeni na pompe ndogo inayozungushwa na moteri, inayofungwa kwa kabo pamoja na gazi. Ukivuta gazi sana, pompe inatoa zaidi. Ukiachilia, inatoa kidogo. AG 100 iko na pompe hiyo. Na sanduku la vitesi lina mafuta yake mengine, ya kulala. Tulikuta watu wanamwaga mafuta ya vitesi katika tanki ya pompe, na kinyume chake. Ni vitu viwili, musivichanganye.

Sasa kazi. Pikipiki ya Mama Pasta ilikuwa imesimama tangu mume wake alipofariki. Kitu cha kwanza tulichokatazwa na mzee fundi anayetufundisha ni kupiga kiki. Kijana akiona pikipiki anaruka juu na kupiga kiki kwa nguvu. Kama kuna kutu ndani ya silindri, anapasua segma palepale. Toa buji, angalia ndani kwa tochi. Yetu ilikuwa imeshikana kabisa. Tulimwaga kwa tundu la buji petroli ya taa iliyochanganywa na mafuta ya moteri, kikombe kidogo cha chai, tukaacha siku nne, tukiongeza kidogo kila jioni. Siku ya tano tukaweka ufunguo kwenye ekru ya volani, tukajaribu kwa mkono, upande huu kidogo, upande ule kidogo. Ilisogea kama jino linalotaka kung'oka. Yule aliyetaka kutumia nyundo tulimpa kazi ya kusafisha tanki.

Na tanki si kazi ndogo. Kutu ya tanki ndiyo inayoziba kaburatere kila wiki, na watu wanalaumu kaburatere. Tulitia ndani vibuloni na kokoto safi pamoja na petroli kidogo, tukaitikisa kwa zamu mpaka mikono ikalegea, tukamwaga, tukarudia mara sita. Kisha hesabuni vibuloni vinapotoka! Kimoja chetu kilibaki ndani, mpaka leo ukipita kwenye mashimo unakisikia.

Kaburatere ifunguliwe juu ya sahani, maana vipande vyake ni vidogo na nyasi za uani zinavipenda. Esanse ikikaa miaka inageuka gundi ya rangi ya asali na kuziba jikleri. Usichokoe jikleri kwa sindano wala waya wa chuma. Tundu lake limepimwa, ukilipanua kidogo tu pikipiki itakunywa esanse daima. Loweka katika esanse safi, chokoa kwa unywele wa plastiki wa brosi, pulizia kwa pompe ya baiskeli. Angalia floteri kama haikuingia maji: itikise karibu na sikio.

Juu ya esanse ya njiani. Makadhafi wetu wanasaidia, hatuwatukani, lakini kuna chupa ambazo zimeongezwa petroli ya taa. Tone moja juu ya karatasi nyeupe linatosha: esanse safi inakauka na kuacha karatasi karibu bila alama, ya kuchanganywa inaacha doa la mafuta. Moteri ya nyakati mbili ikila petroli inagonga ndani kama mtu anayepiga bati kwa kijiko, na inapata moto kupita kiasi.

Umeme ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyoogopa. Shika buji kwa koleo yenye mpini wa plastiki, ugusishe chuma chake kwenye moteri, mwenzako azungushe. Lakini fanya hivyo mbali na lile tundu la buji lililo wazi, hewa ya esanse inatoka pale. Cheche ya buluu ni nzuri, ya njano ni dhaifu. Nafasi ya buji inatosha 0,6 au 0,7 ya milimita. Kwenye zile za zamani zenye platine nyuma ya volani, safisha platine kwa karatasi ya msasa laini, uache nafasi ya 0,3 mpaka 0,4. Yetu haikuwa na platine, tukapita.

Tufike kwenye silindri, ambapo ndipo palipo maneno. Ekru nne za juu zinalegezwa kwa msalaba, kidogo kidogo, si moja kabisa na kisha nyingine. Ukiisha kutoa silindri, kitu cha kwanza kabla hata ya kushangilia ni kuziba mdomo wa karteri kwa kitambaa safi. Sisi tulishangilia kwanza. Katika kutoa mhimili wa pistoni, kile kiduara kidogo cha waya kinachoushikilia kiliruka na kuingia katika karteri. Siku mbili! Tuligeuza moteri juu chini, tukaitikisa, tukaomba, mwishoni kikatoka kwa sumaku ya baflo iliyokufa tuliyoifunga kwenye kamba. Vile viduara havirudishwi tena vikiisha kutolewa, vinunuliwe vipya. Kikilegea ndani, kinachimba silindri yote.

Silindri yetu ilikuwa na ngazi ambayo kucha inaisikia, karibu na dirisha la eshapoma. Ya kiwandani AG 100 ina milimita 52 kwa upana, yaani sentimita kyubi 97 kwa moteri nzima. Ikiisha kuliwa, tornere anaipanua, na unanunua pistoni kubwa zaidi: 52,25, kisha 52,50, kisha 52,75, na ya mwisho 53. Ni mara nne tu. Kwa hiyo kila kupanua ni kama kutoa noti moja katika akiba ambayo haiongezwi. Mpe tornere pistoni yenyewe mkononi, apanue kwa kuipima hiyo, si kwa kusoma namba ya karatoni. Kati ya pistoni na silindri inatakiwa nafasi ya karibu 0,04 tu ya milimita. Mwambie pia alegeze kona kali za madirisha, kama sivyo segma zitajikata pale.

Kurudisha: mshale ulio juu ya pistoni uangalie eshapoma. Kila segma ina mahali pa kukutana, na katika mfereji wa pistoni kuna kichuma kidogo. Midomo ya segma ikutane juu ya kichuma hicho, isiende mahali pengine. Paka mafuta, bana segma kwa vidole, shusha silindri bila nguvu. Ikikataa, usiilazimishe. Kuna kitu kimekaa vibaya.

Tena kuna spi mbili, mpira upande huu na mpira upande ule wa vilebrekeni. Kwa moteri ya nyakati nne spi mbovu ni aibu ya mafuta kudondoka, lakini kwa hii ni ugonjwa wenyewe, kwa kuwa karteri ni pampu na pampu haitaki tundu. Spi ya upande wa volani ikipasuka inaingiza hewa: moteri inakimbia peke yake, ukiachilia gazi haishuki. Spi ya upande wa ambreyaji ikipasuka, karteri inanyonya mafuta ya vitesi: moshi mweupe usiokwisha, na mafuta ya vitesi yanapungua ingawa chini ni pakavu. Watu wengi wananunua pistoni mpya wakati ugonjwa ni kampira.

Basi tulifunga yote, pistoni ya 52,25, tanki safi, mafuta mapya katika tanki ndogo. Kiki ya nne, ikawaka. Majirani walitoka. Mama Pasta alilia, akasema bwana wake alikuwa akirudi na sauti hiyo jioni. Siku ya kwanza alipotupa funguo alikuwa ametuuliza: «Batoto, mutanirudishia moto ao mutanirudishia bipande?» Maana mtoto wake wa kiume aliingoja ili aanze kazi, na pesa ya pistoni ilitoka katika ile ya karo ya mdogo wake.

Tulikwenda nayo Panzi na kurudi. Kwenye kurudi, katika mlima, sauti ikawa nzito kama mtu anayeziba pua, nguvu ikashuka, na gurudumu la nyuma likafunga ghafula. Mwenzetu alikamata ambreyaji upesi, kwa neema ya Mungu hakuanguka. Tuliisukuma mpaka nyumbani bila kuzungumza.

Mzee fundi alikuja usiku na taa. Hakufungua kitu. Aliuliza neno moja tu:

«Pompe ya mafuta, mulitosha hewa?»

«Hapana, Mzee.»

«Njo ile iliiua.»

Tulikuwa tumeona tanki ndogo imejaa, tukafikiri imekwisha. Kumbe tanki ikiisha kukauka au mrija ukiisha kufunguliwa, hewa inabaki ndani ya pompe, na pompe inazunguka bila kusukuma tone. Kuna kivisi kidogo ubavuni mwa pompe. Kilegeze, acha mafuta yatoke mpaka mapovu yaishe, kifunge. Kisha washa moteri, iende polepole, na kwa mkono vuta kabo ya pompe mpaka mwisho kwa dakika mbili au tatu, uone moshi unaongezeka. Moshi huo ndio ushahidi ya kwamba mafuta yamefika. Na kwa tanki ya kwanza, hata ukiiamini pompe, changanya mafuta katika esanse pia, mililita 20 kwa kila lita moja. Buji itachafuka kidogo, hakuna neno. Moteri ya zamani isiyo na pompe inataka hata mililita 40 kwa lita. Tulilijua jambo la kuchanganya. Tuliliacha kwa sababu mafuta ya nyakati mbili yalikuwa ghali siku hiyo.

Pistoni ilikuwa imekwaruzwa upande wote wa eshapoma, silindri nayo. Tukaenda 52,50. Pistoni hiyo ya pili tuliinunua sisi: likizo ya Pasaka tulibeba mchanga na matofali kwa mtu anayejenga Nguba, wiki mbili. Mama Pasta hakutuomba.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya pikipiki havituambii sisi wa milimani. Ziwa Kivu liko mita 1460 juu ya bahari, na mji wetu unapanda kutoka hapo. Hewa ya hapa ni nyepesi: mahali mtu wa pwani anavuta saba, sisi tunapata sita hivi. Lakini jikleri haijui, inatoa esanse ileile. Ndiyo maana pikipiki nyingi za hapa buji yake ni nyeusi na yenye unyevu, inakunywa, inatoa moshi, na ikipanda Tshivanga kuelekea Bunyakiri, juu ya mita 2000, inachoka kabisa. Dawa ni jikleri ya namba ndogo zaidi hatua moja, au kupandisha kiklipu cha sindano ya kaburatere mfereji mmoja juu, ili sindano ishuke na kuzuia. Ukiona buji ina rangi ya kahawa iliyokaangwa, acha hapo.

Sasa ukiisha kuipunguzia hivyo, usishuke Uvira kwa furaha. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770. Kule hewa ni nzito, esanse inakuwa kidogo kuliko hewa, buji inageuka nyeupe, moteri inachomeka. Mwenye kukaa kule arudishe jikleri kubwa.

Na Ngomo! Kutoka Nyangezi unashuka kuelekea Kamanyola, kona juu ya kona. Dereva mwenye akili anaacha vitesi vya chini vizuie pikipiki, gazi imefungwa. Kwa gari ni vema. Kwa nyakati mbili, kumbukeni tulivyosema: esanse ikikatika, mafuta yanakatika. Moteri inazunguka kwa mbio kwa sababu ya mtelemko, gazi imefungwa, pompe inatoa kidogo sana, na mwenye kuchanganya katika tanki hapati karibu kitu. Pistoni zimeshikana pale wakati dereva anafikiri anaipumzisha. Basi katika mtelemko mrefu, kila baada ya kitambo shika ambreyaji, vuta gazi mara moja, achilia. Tumia freni zote mbili. Ukisikia sauti inakuwa nzito, kamata ambreyaji kwanza, maswali baadaye.

Mengine kwa ufupi. Eshapoma inajaa kaboni. Toa bomba la ndani, lichome juu ya makala nje ya nyumba, ligonge. Usiwashe moteri ndani ya chumba, moshi wake unaua. Usioshe vipande kwa esanse karibu na mbabula, kama vile mmoja wetu alivyotaka. Moteri ikiisha kupanuliwa, kilomita mia tano za kwanza usiende gazi yote, tena usiende mwendo mmoja muda mrefu. Panda, shuka, ipumzishe.

Leo pikipiki ya Mama Pasta inatembea. Mtoto wake anapeleka mikate asubuhi, na siku ya Mungu anawabeba wazee wawili wa kanisa, mmoja mmoja. Zimebaki pistoni mbili katika akiba ya silindri ile, 52,75 na 53. Spi ya upande wa volani imeanza kuvuta hewa kidogo, tunaisikia ikiachiliwa gazi. Tulitafuta soko la Kadutu mara tatu, tulipata ya kufanana ambayo ni nene kupita kiasi. Mwenye kuona ya AG 100, hata iliyotumika kidogo, atuambie kabla ya mvua za Septemba. Tunakutana siku ya posho, saa nane, nyuma ya nyumba. Leteni vitambaa safi.